Breka inakata kila nikichaji gari: niweke kubwa zaidi?

"Salaam fundi. Naishi Nyali, Mombasa, nina Nissan Leaf ya 40 kWh iliyotoka Uingereza. Mwaka huu nilifungiwa chaja ya ukutani ya ampea 32, kwa kebo ya 6 mm² iliyopita ndani ya ukuta, na breka ya 32 kwenye sanduku lililo nje, ukuta wa magharibi. Nikianza kuchaji jioni nikitoka kazini, baada ya dakika arubaini au saa nzima breka ile inakata. Nikiirudisha papo hapo inakata tena, nikiiacha mpaka nimalize kula inakubali. Masika yalipoingia likazuka jingine: mvua ikinyesha, ile swichi pana yenye kitufe cha T inakata na nyumba nzima inakuwa giza. Wiki iliyopita ilikata hata gari halipo. Nimeita mafundi watatu. Wa kwanza anasema niweke breka ya 63. Wa pili anasema gari ndilo bovu, linavuta stima kupita kiasi. Wa tatu anasema niondoe hiyo ya T, au nichomoe ethi ya chaja, mambo yataisha. Mke wangu sasa anawakataza watoto kuligusa gari likichaji. Nimsikilize nani?"

Msikilize mkeo, ndugu yangu. Watoto wakae mbali na gari hilo likiwa linachaji mpaka nyumba ipimwe, na nitakueleza kwa nini. Katika mafundi wote watatu hakuna aliyekupa ushauri wa kufuata. Wa kwanza atakuunguzia waya ndani ya ukuta, wa pili anakupeleka gereji bure, na wa tatu anaweza kuua mtu.

Umeandika kana kwamba una tatizo moja linalojitokeza kwa sura mbili. Hapana. Una matatizo mawili yasiyohusiana, yaliyokutana kwenye sanduku moja. Breka ya chaja inakata kwa sababu ya joto. Swichi ya T, ambayo jina lake ni RCD, inakata kwa sababu kuna umeme unaovuja kwenda ardhini. Kila moja ina dawa yake, na ukizichanganya utabadilisha vifaa mwaka mzima usione nafuu.

Nianze na gari, ili tuliondolee lawama. Kile kisanduku tunachokiita chaja kwa kweli ni swichi yenye akili. Chaja halisi, ile inayogeuza umeme wa nyumbani kuwa umeme wa betri, imo ndani ya gari. Kisanduku cha ukutani huliambia gari kwa ishara kwamba hapa unaruhusiwa ampea kadhaa, usizidishe, na gari hutii. Leaf ya aina yako kwa kawaida huwa na chaja ya ndani ya 6.6 kW. Gawanya kwa volti 240 za Kenya, unapata karibu ampea 28. Likiomba hizo 28 kwenye breka ya 32, halijakosea kitu. Isitoshe, gari lenye hitilafu ya ndani kwa kawaida hukataa kuchaji mara tu ukilichomeka, au hukata pale pale unaposikia swichi ya ndani ya kisanduku ikigonga. Halisubiri dakika arubaini.

Sasa breka. Ndani yake mna walinzi wawili. Mmoja ni sumaku, na kazi yake ni shoti: umeme ukipanda ghafla mara nyingi kuliko kipimo chake, anakata kabla hujapepesa jicho. Wa pili ni kipande chembamba cha metali mbili zilizobandikwa pamoja. Umeme ukipita, kinapata moto, na kwa kuwa metali hizo hazitanuki sawa, kinapinda. Kikipinda vya kutosha kinafyatua swichi. Huyu wa pili ndiye anayekukata wewe, na dalili zake umezieleza mwenyewe bila kujua: anachelewa, anakataa kurudi akiwa bado na moto, anakubali akipoa.

Breka ya nyumbani ya 32 iliyotengenezwa kwa viwango vya kimataifa haitakiwi kukata kwa umeme wa chini ya mara 1.13 ya kipimo chake, yaani karibu ampea 36, hata ukipita saa nzima. Kwa hiyo 28 zako zingepaswa kupita usiku kucha. Lakini kipimo hicho huwekwa kwa breka iliyokaa kwenye hewa ya nyuzi 30. Kile kipande cha metali hakijui joto limetoka wapi. Liwe la umeme unaopita ndani yake, la jua lililopiga sanduku tangu saa nane mchana, au la breka iliyo pembeni yake inayolisha shawa ya umeme, kwake ni joto tu. Sanduku la nje kwenye ukuta wa magharibi Mombasa, saa kumi na mbili jioni, linaweza kuzidi nyuzi 50 kwa ndani kwa urahisi. Ukisoma majedwali ya watengenezaji, breka nyingi za 32 kwenye joto la namna hiyo hubaki na uwezo wa ampea 28 hivi, na zikibanana bega kwa bega hupungua tena. Hapo gari lako na breka yako wamefika mpakani.

Kuna chanzo cha pili cha joto, na hiki ndicho kinachonitia wasiwasi zaidi: skrubu iliyolegea. Mahali waya unapoingia kwenye breka, skrubu isipokazwa sawasawa, au nyuzi za waya zikiwa zimefanya kutu ya chumvi ya bahari, panazuka ukinzani mdogo. Chukua ukinzani wa omu 0.05, usioweza hata kuuona kwa mita ya kawaida. Kwa ampea 28 unazalisha wati 39 za joto kwenye nukta moja ndogo kama tembe ya mahindi. Ni sawa na kuacha pasi ya kulehemu imewashwa ndani ya plastiki ya breka, kwa saa kadhaa, kila siku. Shawa ya umeme inavuta umeme mwingi pia, lakini mtu anaoga dakika kumi akatoka. Gari linavuta bila kupumzika, na ndiyo maana nyumba iliyoishi miaka na skrubu zilizolegea huanza kulalamika siku ile linapoingia gari la umeme.

Hili unaweza kulipima mwenyewe leo, bila kufungua kitu. Chaja nyingi za ukutani hukuruhusu kupunguza ampea kupitia programu ya simu. Nyingine zina kiswichi cha ndani, na hicho mwachie fundi. Shusha hadi ampea 16 uchaji jioni ileile, saa ileile. Joto linalotokana na umeme hupanda kwa kipeo cha pili, hivyo kutoka 28 hadi 16 unabakiwa na theluthi moja tu ya joto. Breka isipokata, umethibitisha kuwa ni suala la joto. Siku inayofuata rudisha ampea za mwanzo lakini anza kuchaji saa nne usiku, sanduku likiwa limepoa. Ikivumilia, jua na msongamano ndio wenye makosa zaidi. Ikikata hata usiku wa ubaridi, karibu hakika ni skrubu au breka yenyewe. Ukifanya jaribio hili la pili uwe macho na karibu, na harufu yoyote ya plastiki iwe mwisho wa jaribio.

Mpaka fundi afike, baki kwenye 16 na uchaji usiku. Usione umeshushwa hadhi. Ampea 16 kwa volti 240 ni 3.84 kW. Kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi ni saa nane, yaani uniti 30 na ushee. Betri yako nzima ni 40. Kwa mwendo wa kawaida hizo zinatosha kwenda Kilifi na kurudi na bado zikabaki. Watu wengi wenye chaja za ampea 32 hawazihitaji kabisa, waliuziwa kwa sababu namba ni kubwa.

Ile breka ya 63 sitaki uifikirie tena. Breka haipo kulinda gari, ipo kulinda waya. Kebo ya 6 mm² iliyozikwa ukutani ndani ya bomba, kwenye joto la Pwani, inabeba ampea 32 bila taabu, na juu ya hapo inaanza kupungukiwa. Ukiweka 63, siku yatakapotokea makosa yanayopitisha ampea 50, breka itatulia kimya na waya ndio utakaokuwa fyuzi, umefunikwa na plasta. Hata breka ya 40, ambayo kwa chaja ya ampea 32 ni chaguo zuri kwa kuwa inaacha nafasi ya kupumua, ningeikubali kwako pale tu kebo itakapobadilishwa kuwa 10 mm². Njia ya bei nafuu ni kuhamishia breka ya chaja kwenye kisanduku chake, ndani ya nyumba au ukuta wenye kivuli, mbali na breka ya shawa. Breka mpya pia, kwa sababu iliyokwisha kupikwa na kukata mara nyingi haiaminiki tena. Inunuliwe kwa duka linalokubali kukupa risiti, maana breka bandia zimejaa madukani na huwezi kuzitambua kwa sura.

Tuje kwenye RCD, penye hatari ya kweli. Kifaa hiki hakijali umeme ni mwingi kiasi gani. Kinalinganisha unaotoka kwenye laivu na unaorudi kwenye nyutro. Vikilingana, kimya. Vikipishana, maana yake kuna umeme unaopita njia nyingine kwenda ardhini, pengine kupitia mwili wa mtu. RCD ya nyumbani huandikwa 30 mA, yaani milliampea 30 (milliampea ni sehemu moja ya elfu ya ampea), lakini kwa viwango inaruhusiwa kukata popote kati ya 15 na 30. Watu hawakijui kiwango hicho cha chini, wanadhani wana nafasi kubwa kuliko waliyonayo.

Sasa hesabu nyumba. Kila kifaa chenye elektroniki huvujisha kidogo kwa maumbile yake, kupitia vichujio vya ndani: friji, mashine ya kufua, kompyuta. Gari nalo lina vichujio vyake na linaweza kuongeza milliampea chache. Haba na haba hujaza kibaba. Halafu mvua inanyesha, maji yanaingia kwenye soketi ya barazani, au kwenye kiungo cha waya wa pampu ya tangi, na kibaba kinamwagika. Anayeonekana pale ni gari, kwa sababu ndilo jipya. Lakini wewe umeandika kwa kupita tu kwamba wiki iliyopita ilikata gari halipo. Sentensi hiyo ndiyo ya thamani kuliko zote kwenye barua yako. Uvujaji mkubwa uko nyumbani, na ungekuwepo hata ungekuwa unaendesha gari la petroli.

Ili kuupata, subiri mvua nyingine. RCD ikikata, chomoa gari, shusha breka zote ndogo, rudisha RCD, kisha pandisha moja moja huku ukihesabu hadi thelathini baina yake. Inayoiangusha RCD umeikamata. Kwenye saketi hiyo chomoa vifaa vyote ujaribu tena, ili ujue kama ni kifaa au ni waya wa ukutani. Mshuku kwanza kila kilicho nje: taa za bustani, soketi ya barazani, kengele ya geti, pampu.

Huenda jaribio hilo lisikupe jibu, na hapa ndipo mafundi wengi hukata tamaa wakashauri RCD ing'olewe. Breka ndogo kwa kawaida hukata laivu peke yake. Nyutro inabaki imeungana na nyumba nzima. Kama mahali fulani nyutro imechubuka na kugusa ethi, kushusha breka hakuiondoi. Tena kosa la namna hii hujificha: nyumba ikiwa haitumii umeme mwingi, hakuna kinachosukuma umeme kupita pale. Ukiwasha mzigo mkubwa, shawa au gari, nyutro inabeba ampea nyingi, sehemu yake inachepukia ardhini, na RCD inakata. Mwenye nyumba anaapa kwamba ni gari, kumbe gari limefichua tu waya uliochubuliwa na msumari wa picha. Dawa yake ni kipimo cha megga: fundi anazima mein swichi, anatenganisha nyutro moja moja, anachomoa chaja na vifaa vyote vya elektroniki ili visiharibike, kisha anapima kwa volti 500 kati ya kila waya na ethi. Chini ya megaomu 1 hapakubaliki. Mwulize fundi kabla hajaja: una megga? Akikosa, tafuta mwingine.

Kuna jambo la RCD ambalo halikati wala halipigi kelele. Tazama uso wa kifaa chako. Kama kimechorwa wimbi moja tu lililopinda juu na chini, ni aina ya AC, inayotambua uvujaji wa umeme wa kawaida pekee. Betri ya gari ni ya umeme wa moja kwa moja, DC, na gari likipata hitilafu fulani linaweza kuvujisha DC kuelekea ukutani. Umeme huo hujaza kiini cha sumaku ndani ya RCD mpaka inapofuka: mtoto ashike waya wa pasi chumbani, nayo haioni. Kwa sababu hiyo viwango vya kimataifa vinataka kila sehemu ya kuchajia iwe na RCD yake ya 30 mA, angalau aina ya A, pamoja na kitambuzi kinachokata DC ikifika 6 mA, au sivyo RCD ya aina ya B. Aina ya A hutambulika kwa mchoro wa pili wa mawimbi nusu chini ya lile la kwanza. Chaja nyingi za sasa zina kitambuzi hicho ndani. Soma kijitabu chake, tafuta palipoandikwa 6 mA DC. Ukikikuta, unachohitaji ni RCD ya A ya chaja peke yake, isiyopitia ile ya nyumba. Hapo hata uvujaji wa pampu hautalizima gari, wala gari halitaitia nyumba giza.

Na sasa ushauri wa kuondoa T. Nyumba nyingi zetu zina ethi yao wenyewe, fimbo iliyopigwa ardhini. Nyali mnakaa juu ya jiwe la matumbawe, na fimbo haiingii vizuri kwenye jiwe. Tuseme yako ina ukinzani wa omu 20, ambao kwa mwamba huo si mbaya. Laivu ikigusa bodi ya gari, volti 240 kwa omu 20 ni ampea 12. Breka yako ya 32 haitatikisika kamwe kwa ampea 12. Gari litabaki na umeme kwenye bodi usiku kucha, mpaka mtu mwenye miguu mitupu alishike. Kwenye nyumba ya namna hiyo RCD ndiyo pekee inayoweza kukata. Ukiing'oa, hakuna mlinzi mwingine nyuma yake.

Kuchomoa ethi hakutakusaidia hata kwa ujinga wake, kwa sababu chaja yoyote nzuri huipima ethi kwanza na hukataa kufanya kazi isipoiona. Hapo baadhi ya mafundi huunganisha ethi na nyutro ndani ya chaja ili kuidanganya. Nakuomba ufunguliwe kisanduku hicho uhakikishe hakuna aliyekufanyia hivyo. Siku nyutro itakapokatika kwenye nguzo, bodi yote ya gari itakuwa na volti 240.

Mengine nayapita haraka. Kama kinachokata ni mein swichi, jumlisha matumizi: gari 28, shawa 20 na ushee, pasi 8 hadi 10. Usiviwashe pamoja, au ununue chaja inayopima mzigo wa nyumba na kujipunguza yenyewe. Kama hakuna breka iliyoshuka na bado gari limeacha kuchaji, tazama kilinda volti chako, huenda volti zilishuka. Na mliosoma huku mkichajia kwenye soketi ya kawaida ya pini tatu bapa: msizidishe ampea 10, hata kama plagi imeandikwa 13. Gusa plagi baada ya nusu saa. Ikikuchoma kidole, acha.

Yapo mambo ambayo hayasubiri majaribio yangu: harufu ya plastiki inayoungua, sanduku linalotoa mlio wa kukaanga, alama ya kahawia pembeni ya breka, au mwili kusisimka ukigusa gari. Zima mein swichi, usirudishe, na umwite fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka inayosimamia nishati Kenya. Uharibifu ukiwa upande wa mita au waya unaotoka nguzoni, hiyo ni kazi ya Kenya Power na fundi wako asiuguse.

Akija, mtake akuandikie namba: ukinzani wa ethi, megga ya kila saketi, na RCD ilikata kwa milliampea ngapi na kwa muda gani. Skrubu zikazwe kwa bisibisi yenye kipimo kama mtengenezaji wa breka alivyoelekeza, na zikaguliwe tena baada ya miezi michache ya kuchaji, kwa sababu shaba hupanuka na kunywea na skrubu hulegea. Zote zikiwa sawa, rudisha ampea 28 ukipenda. Lakini kaskazi ikipiga, kama sanduku bado liko kwenye ukuta ule wa magharibi, kaa kwenye 20 na uchaji usiku.